Kadi ya Waifai Inapotoweka Ndani ya Kompyuta: Namna ya Kuitafuta Kabla ya Kushika Bisibisi

Miongoni mwa hitilafu zinazowapeleka wenye kompyuta mpakato kwa mafundi wa Goma, ipo moja ambayo jina lake hupotosha tangu mwanzo. Mwenye mashine husema tu kwamba mashine yake "haina connexion", na neno hilo moja hubeba mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Huenda kadi ya waifai ni nzima na inafanya kazi, ila mtandao unaotafutwa haufiki au unakataa kumpokea mtumiaji. Au huenda kompyuta yenyewe imeacha kuitambua kadi hiyo, kiasi kwamba alama ya waifai imefutika kwenye skrini na mfumo unajibu kana kwamba kifaa hicho hakijawahi kufungwa ndani yake. Hali ya kwanza hutibiwa kwenye ruta au kwa kampuni ya mawasiliano, na ya pili hutibiwa ndani ya mashine. Anayezichanganya hulipia dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Makala haya yanahusu hali ya pili, na hoja yake ni kwamba kompyuta ina uwezo wa kueleza yenyewe mahali mnyororo ulipokatika, kwamba maelezo hayo hupatikana bure na kwa dakika chache, na kwamba yeyote anayeyapuuza na kukimbilia kubadilisha kadi au kufuta Windows yote anafanya kazi kwa kubahatisha.

Kadi yenyewe na njia zake mbili

Waifai ni mawasiliano ya redio ya masafa mafupi. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilifungua baadhi ya bendi za redio, ikiwemo ile ya gigahezi 2.4, zitumiwe na vifaa vya mawasiliano visivyo na leseni; mwaka 1997 kikatolewa kiwango cha kwanza cha kiufundi cha mitandao hiyo, kinachojulikana kwa namba 802.11, na Machi 2003 kampuni ya Intel ikaanza kuuza, kwa jina la Centrino, mkusanyiko wa prosesa, chipseti na kadi ya redio uliochangia sana kuifanya waifai iwe sehemu ya kawaida ya kompyuta mpakato. Kabla ya hapo, aliyetaka mtandao usio na waya alinunua kadi ya pembeni na kuichomeka ubavuni mwa mashine, hivyo kadi ilipoharibika kila mtu aliiona kwa macho. Tangu ilipoingizwa ndani, kuharibika kwake kumekuwa jambo la kukisia.

Katika mashine nyingi za miaka ya karibuni, kadi hiyo ni ya aina iitwayo M.2, na kwa kawaida ina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 30, yaani takriban ukubwa wa stempu ya barua. Ukingo wake mmoja una safu ya vidole vidogo vya shaba vilivyopakwa dhahabu, vilivyoachana kwa nusu milimita tu, ambavyo huingia katika soketi iliyo kwenye ubao mama, na ukingo wa pili hushikiliwa na skrubu moja. Juu yake huchomekwa nyaya mbili nyembamba, mara nyingi moja nyeusi na nyingine nyeupe, ambazo hupita kwenye bawaba na kupanda hadi kandokando ya skrini, kwa sababu antena zimefichwa huko. Mashine za zamani zaidi hutumia kadi pana kidogo, yenye milimita 30, iitwayo Mini PCI Express, lakini mpangilio wa kazi ni uleule.

Jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui, na ambalo lina faida kubwa katika uchunguzi, ni kwamba kadi hiyo moja kwa kawaida hubeba vifaa viwili, waifai na Bluetooth, na kila kimoja huzungumza na kompyuta kwa njia yake. Waifai hupita kwenye njia ya PCI Express, ambayo ni barabara kuu ya data ndani ya ubao mama, ilhali Bluetooth mara nyingi hupita kwenye njia ya USB. Kwa hiyo, ikiwa Bluetooth inaonekana na waifai haionekani, kadi ipo mahali pake na inapata umeme, na kosa litafutwe kwenye njia ya waifai au kwenye programu zake. Na ikiwa zote mbili zimetoweka kwa pamoja, shaka huelekea kwenye soketi, kwenye umeme wa kadi, kwenye mpangilio uliozima redio, au kwenye uzima wa kadi nzima.

Maana ya kutambuliwa

Neno "kutambuliwa" lina hatua zake, na kila hatua inaweza kushindwa peke yake. Kompyuta inapowashwa, programu ya msingi iliyo kwenye ubao mama, ambayo wengi huiita BIOS ingawa katika mashine mpya jina lake sahihi ni UEFI, hupita kwenye soketi zote na kuuliza kuna nani. Kifaa kilicho hai hujibu kwa kutoa namba mbili, ya kampuni iliyokitengeneza na ya aina yake. Namba ya Intel ni 8086, iliyochukuliwa kwenye prosesa yake maarufu ya mwaka 1978. Ya Realtek ni 10EC. Ya MediaTek ni 14C3. Mfumo endeshi, iwe ni Windows au Linux, huzipokea namba hizo na kutafuta draiva inayolingana nazo, yaani programu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani kati ya mfumo na kifaa. Draiva ikipatikana, huduma ya waifai ndani ya mfumo huamka na kuanza kusikiliza mitandao iliyopo hewani.

Kwa mpangilio huo, kadi "isiyoonekana" ni ya aina mbili. Kuna kadi ambayo haikujibu ilipoulizwa, na kuna kadi iliyojibu vizuri lakini ikakosa mkalimani. Aina ya pili haihitaji kipuri chochote, nayo hujitokeza mara kwa mara katika mashine zilizotoka kuwekewa Windows upya.

Aidha, iko hali ya tatu ambayo hufananishwa na hizo bila ya haki. Kadi inaonekana na inaorodhesha mitandao ya majirani, lakini ule wa nyumbani haumo. Kadi ya zamani inayofanya kazi kwenye gigahezi 2.4 peke yake haitauona kamwe mtandao wa gigahezi 5, hata ruta ikiwekwa juu ya meza ileile; na mashine iliyotengenezewa soko la Marekani huenda isione ruta iliyopangwa kwenye chaneli ya 12 au ya 13, kwa kuwa kwa desturi chaneli hizo hazitumiwi huko. Vivyo hivyo, waya wa antena uliochomoka hudhoofisha usikivu wa kadi lakini hauifuti kwenye orodha ya vifaa. Palipo na kadi inayoonekana, hata kama haisikii kitu, uchunguzi wa makala haya hauhusiki.

Kuiuliza mashine

Hatua ya kwanza ni ndogo na hupuuzwa kwa sababu ya udogo wake. Baadhi ya mashine, hasa za zamani, zina swichi ya kuzima redio pembeni au mbele, na karibu zote zina kitufe chenye alama ya antena au ya ndege kwenye safu ya juu ya kibodi. Katika baadhi ya mashine, kubonyeza kitufe hicho kwa bahati mbaya huzima redio tu, lakini katika nyingine huifanya kadi, au sehemu yake ya Bluetooth, iondoke kabisa kwenye orodha ya vifaa.

Hatua ya pili ni kufungua orodha hiyo. Kwa kuwa Windows nyingi zinazotumika Goma ni za Kifaransa, orodha huonekana kwa jina la "Gestionnaire de périphériques", nayo huchaguliwa kwenye menyu inayojitokeza baada ya kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi X. Ndani yake hutazamwa kikundi cha "Cartes réseau", na kwenye menyu ya "Affichage" huchaguliwa kuonyesha vifaa vilivyofichwa. Majibu yanayoweza kupatikana hapo ni machache, na kila moja lina maana yake.

Kadi ikiwepo lakini ikiwa na alama ya mshale unaoelekea chini, imezimwa na mtu, na namba ya kosa ni 22. Huwashwa kwa kubofya upande wa kulia na kuchagua "Activer". Pakiwa na kifaa chenye alama ya manjano kilichoandikwa "Contrôleur réseau", na namba ya kosa ni 28, kadi imejibu ila draiva haipo. Namba 10 humaanisha kwamba kifaa kimeshindwa kuanza, na namba 43 kwamba Windows imekisimamisha baada ya kupokea taarifa ya hitilafu. Hizi mbili huweza kutokana na draiva mbovu au na kadi iliyoanza kufa. Namba 45, inayoonekana kwa vifaa vilivyofichwa, humaanisha kwamba mashine inaikumbuka kadi lakini kwa sasa haipo kwenye njia. Na ikiwa hakuna chochote, hata kifaa kisichojulikana, kadi haikujibu.

Anayekuta "Contrôleur réseau" hana sababu ya kukisia ni kadi gani. Katika ukurasa wa "Détails" wa kifaa hicho, chini ya "Numéros d'identification du matériel", huonekana mstari kama PCI\VEN_8086&DEV_095A. Sehemu ya kwanza inasema kwamba kadi ni ya Intel, na ya pili kwamba ni ya aina ya Wireless 7265. Kwa mstari huo mmoja, draiva inayofaa hutafutwa kwa yakini, na ni bora itoke kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta au kadi kuliko kwenye mafurushi ya draiva za kila kitu yanayosambazwa kwa flashi.

Iwapo mashaka bado yapo, huitwa shahidi wa nje. Flashi yenye Ubuntu, au Linux nyingine inayoweza kuwaka bila kuwekwa kwenye diski, huiwasha mashine huku Windows ikiwa imelala bila ya kuguswa. Amri fupi ya lspci ikiandikwa kwenye dirisha la maandishi, huorodhesha kila kilichojibu kwenye njia ya PCI Express, kiwe na draiva au kisiwe nayo. Kadi ikitokea hapo, kosa limo ndani ya Windows. Isipotokea, hakuna draiva yoyote duniani itakayoirudisha, na ndipo penye haki ya kuzungumzia bisibisi.

Visababishi vinavyofanana na mji

Hitilafu hii ni ya dunia nzima, lakini mazingira ya Goma huipa sura yake. Kwanza, mashine nyingi hununuliwa zikiwa "occasion", yaani zimekwisha kutumika kwingine, na kabla ya kuuzwa huwekewa Windows upya. Nakala ya Windows iliyotumika ikikosa draiva ya kadi husika, mnunuzi hujikuta katika duara lisilo na mlango: draiva iko kwenye intaneti, na intaneti inahitaji draiva.

Pili ni umeme. Ingawa mji umepata vyanzo vipya, kikiwemo kituo cha Matebe huko Rutshuru chenye megawati 13.6 kilichozinduliwa Desemba 2015, kukatika kwa umeme bado ni sehemu ya maisha, na mashine yenye betri iliyochoka huzimika ghafla kila mara, jambo linaloweza kuharibu mafaili yakiwemo ya draiva. Zaidi ya hayo, tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida hakuzimi kila kitu: mpango uitwao "démarrage rapide" huhifadhi hali ya mfumo kwenye diski na kuirudisha asubuhi pamoja na makosa yake. Kwa sababu hiyo, kuchagua "Redémarrer" huweza kurudisha kadi ambayo "Arrêter" haikuirudisha kwa wiki nzima.

Kadi yenyewe pia huweza kukwama katika hali ya usingizi kwa sababu ya umeme kidogo unaobaki kwenye ubao. Dawa yake ni kuzima mashine, kuchomoa chaja, kutoa betri ikiwa ni ya kutoka, kisha kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi kabla ya kuwasha tena. Tendo hili huonekana kama uganga, lakini sababu yake ni ya kawaida, kwani kadi hulazimika kuanza upya kutoka kwenye sifuri. Hakuna hasara kulijaribu kabla ya jingine lolote.

Tatu ni vumbi na mitikisiko. Goma umejengwa juu ya mawe ya lava ya Nyiragongo, mlima ambao lava yake ilipita katikati ya mji Januari 2002 na kufika tena kwenye vitongoji vyake Mei 2021, na barabara zisizo na lami hutoa vumbi jeusi ambalo feni za kompyuta hulivuta hadi ndani. Moshi wa volkano hubeba gesi ya salfa inayogeuka asidi ikikutana na unyevu, na jinsi inavyoyala mabati ya nyumba ni somo la kutosha kuhusu inavyoweza kufanya kwenye metali nyingine. Dhahabu ya vidole vya kadi hustahimili, lakini pale ilipokwanguka, shaba iliyo chini yake haina kinga. Kompyuta inayobebwa mgongoni juu ya pikipiki kila siku, kwenye mawe hayo, hupata mitikisiko ambayo kadi isiyokazwa vizuri haiwezi kuivumilia.

Kufungua mashine

Anayefungua mashine huchomoa kwanza chaja na kukata waya wa betri ya ndani, kisha hugusa metali iliyo wazi ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Kitu cha kwanza cha kutazama ni ile skrubu moja. Kadi ya M.2 huingizwa kwenye soketi ikiwa imeinama, kisha hulazwa na kukazwa. Skrubu isipokuwepo, kama inavyotokea katika mashine zilizowahi kufunguliwa na kufungwa kwa haraka, kadi huinuka yenyewe kwa nguvu ya springi ya soketi, na vidole vyake vya nusu milimita huachana na vya soketi. Kosa lililoonekana la kutisha kwenye skrini huwa limetokana na skrubu iliyoanguka chini ya meza ya fundi aliyetangulia.

Ikiwa skrubu ipo, kadi hutolewa, vidole hufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowanishwa na pombe ya isopropili, huachwa vikauke, na kadi hurudishwa. Wapo mafundi wanaovisugua kwa raba ya kufutia penseli, na mara moja huenda isidhuru, lakini raba hukwangua dhahabu na kuacha makombo. Nyaya za antena huvutwa wima kwa uangalifu, kwa kuwa vichwa vyake ni vidogo kuliko punje ya mchele na havikuundwa ili vichomolewe mara nyingi.

Kadi ikikataa baada ya hayo, jaribio la haki ni kuiweka kwenye mashine nyingine inayolingana nayo, au kuweka kadi nzima kwenye mashine hii. Kadi ya kwanza ikifanya kazi kwingine, soketi au ubao mama ndio mgonjwa, na kununua kadi mpya ni kutupa pesa.

Hata kadi inapothibitika kufa, ununuzi una mitego miwili. Intel hutengeneza kadi za mfumo wa CNVi, ambazo sehemu ya kazi yake imehamishiwa kwenye chipseti au prosesa ya kompyuta. Kadi ya namna hiyo huingia bila taabu kwenye soketi ya mashine isiyo na mfumo huo, lakini haitatambuliwa hata ikiwa mpya kabisa. Zaidi ya hapo, baadhi ya kompyuta za zamani za HP na za Lenovo huwa na orodha ya kadi zilizoruhusiwa ndani ya BIOS, na zikikuta kadi ngeni hukataa kuendelea kuwaka na kuandika onyo kwenye skrini. Kwa hiyo namba kamili iliyoandikwa kwenye kadi ya zamani ndiyo inayopaswa kupelekwa dukani, na maneno "kadi ya waifai ya laptop" hayatoshi.

Kupata mtandao wakati wa kungoja

Aliyekwama kwenye duara la draiva ana ufunguo mfukoni mwake. Simu ya Android ikiunganishwa na kompyuta kwa waya wa chaja na kuwashwa "partage de connexion" kupitia USB, kompyuta huiona simu kama kadi ya mtandao wa waya na kupata intaneti bila ya kuhitaji waifai yake. Inafaa mtandao huo uwekwe alama ya "connexion limitée" kwenye Windows, la sivyo masasisho ya mfumo huanza kushuka yenyewe na kumaliza forfait kabla draiva haijapatikana. Na kwa mashine ambayo soketi yake imekufa, kifaa kidogo cha waifai kinachochomekwa kwenye tundu la USB hufanya kazi ileile kwa bei ndogo kuliko ya kutengeneza ubao mama, na mwenye nacho hurudi kwa namna fulani kwenye zama za kadi ya pembeni, ambayo angalau huonekana kwa macho.

Yote yaliyoelezwa hapa yanaweza kukusanywa katika swali moja ambalo mteja ana haki ya kuuliza kabla ya kutoa pesa: kadi imejibu au haikujibu? Fundi anayelijibu kwa kuonyesha namba ya kosa au mstari wa lspci amekwisha kufanya nusu ya kazi na anastahili malipo yake. Asiyeweza kulijibu bado hajaichunguza mashine, na asikabidhiwe ili aifungue.